Usije Kisumu, Baba

Kaloleni, Kisumu
17 Februari 1975

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Joram,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi binti yako Kageha. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kifua cha Mama kinavumilia vumbi hili la kiangazi. Je, ng'ombe amezaa? Mimi sijambo, ingawa nimekonda kidogo. Habari za ndugu yangu Laban nimeziweka mwisho. Nakujua, Baba, wewe barua huanza kuisoma kutoka chini. Safari hii nakuomba uanzie hapa, na usimwite Mama mpaka umalize. Jambo kubwa nalisema mapema: usije Kisumu.

Bila shaka mmesikia habari za kipindupindu redioni. Redio haisemi yote. Huku mtu anaamka vizuri, anakunywa chai yake, na kabla jua halijazama macho yameshadidimia hata humtambui. Ninaogopa, Baba. Tumbo langu likinguruma tu, nahisi zamu yangu imefika. Nanawa mikono kwa dawa mpaka ngozi imepasuka, kisha nanawa tena.

Unajua nilivyokuwa nikiringia kazi hii ya ustawi wa jamii. Chuoni tulifundishwa kumkaribia mfiwa, kuketi naye, kumshika mkono. Sasa amri ni kwamba aliyekufa kwa ugonjwa huu azikwe siku hiyo hiyo katika makaburi ya mji, bila kuoshwa na ndugu, bila matanga. Mimi ndiye ninayetangulia kuwaeleza wenye msiba kabla watu wa afya hawajafika na pampu zao za dawa. Nasimama mlangoni, mikono nyuma. Bwana Walubengo, mkubwa wangu, anasema natumwa mimi kwa sababu nina maneno laini. Angekuja asikie ninavyojibiwa.

Mapema mwezi huu alikufa Ouma, fundi aliyefanya kazi gereji moja na Laban. Unamkumbuka, alikuja huko nyumbani Krismasi, akakushinda kula. Nilikwenda kwa mkewe, Adero. Aliniuliza mimi Mmaragoli, nisiye Mjaluo, nathubutuje kumwambia kwamba mumewe alale mji wa watu, kama mtu asiye na kwao. Nikamwambia ni kwa ajili ya watoto. Akakubali. Nami nikaondoka nimefurahi, mjinga mimi. Sisi wa pande hizi mtu akikubali upesi jambo la kaburi, ujue ameshapata gari.

Watu wa afya walikuta nyumba tupu. Ouma alikuwa amevikwa suti na kofia, akaketishwa kiti cha nyuma kati ya wanaume wawili, mmoja akimshikilia kichwa kisianguke. Kwenye kizuizi cha barabarani askari waliambiwa huyo ni mlevi anarudishwa kwao. Basi wakamfikisha Seme, wakamwosha, wakamlilia, wakala pamoja kama tufanyavyo sote.

Baada ya siku chache nilipelekwa kikazi hospitali ya Kombewa, huko huko Seme. Waombolezaji wale wale walikuwa wamelala hadi barazani, na Adero alikuwa kati yao. Alinishika mkono kabla sijauondoa, akaniita nyathina, mtoto wangu, akaniomba msamaha. Kisha akaniuliza Laban anaendeleaje. Nilishangaa, nikamuuliza kwa nini. Akasema Laban ndiye aliyemshikilia Ouma kichwa.

Baba, kaa kitako. Nilirudi Kaloleni mbio. Nilimkuta Laban sakafuni, ameshindwa hata kuufikia mlango. Tulimkimbiza hospitali kwa gari la ofisi. Alikutaja wewe, akamtaja Mama, akaomba maji. Ijumaa asubuhi akatutoka.

Gordon, dereva wetu, alinifuata uani akaniambia polepole kwamba gari la serikali halisimamishwi, na kwamba angemfikisha Laban kwako kabla ya chakula cha mchana. Sitakuficha. Nilikwenda nyumbani nikatoa suti ya Laban sandukuni, nikaipiga pasi. Nilipoishika kofia yake, nikamwona Mama akimwosha. Nikawaona kina mama wa kanisa wakimsaidia, halafu wakishuka kuchota maji kwenye kijito chetu, kile kimoja tunachokunywa wote. Nikamwambia Gordon hapana.

Laban amezikwa hapa, Baba. Wamemzika watu wa afya, nami nimesimama mbali, mikono nyuma. Ninaogopa ugonjwa, lakini uso wako ninauogopa zaidi.

Najua ukifika hapa katika barua utakuwa umeshaanza kutafuta viatu. Ndiyo maana jana nilikwenda kwenye kizuizi cha Kiboswa, nikawaeleza askari: mzee mrefu, koti la kijivu, fimbo iliyofungwa waya, jicho la kushoto lina ukungu. Nikawaambia atasema anakwenda kununua mbegu, wasimsikilize. Watakapokurudisha, tafadhali usigombane nao. Aliyewatuma ni mimi.

Mwambie Mama polepole, akiwa ameketi. Wasalimu wote, kila mmoja kwa jina lake. Chemsheni maji, hata ya kunawa. Hasira yako niwekee hapo nyumbani; njia ikifunguliwa nitakuja kuipokea.

Ni mimi mtoto wako uliyebaki naye,
Kageha