Jembe Lililokuja na Mashine

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Nimekataliwa mkopo tena. Safari hii ni kikoba cha akina mama hapa hapa Igalula. Mwenyekiti kanisikiliza vizuri, kanipa na maji ya kunywa. Kasema mashine ya kusaga karanga ni wazo zuri, ila mimi si mwanachama, kitambulisho bado sina, na mdhamini je? Nikamtaja baba mkubwa Xavery. Akaitwa. Afadhali asingekuja! Kasema mbele ya wanawake wote kwamba hawezi kumdhamini binti wa miaka kumi na minane ambaye keshokutwa anaolewa, deni abaki nalo yeye. Wakacheka. Na mimi nikacheka, sijui kwa nini. Nimerudi nyumbani nimevimba.

Nani kamwambia naolewa? Mimi nataka mashine. Treni ikisimama nauza karanga za kukaanga madirishani, na kila mara kuna abiria anauliza siagi ya karanga. Sina. Nikitwanga kwenye kinu inatoka chenga tupu. Karanga zimejaa Igalula nzima na hakuna anayesaga!

Alhamisi, 7 Novemba

Nimekwenda Tabora mjini, Ng'ambo, kwa mama Eustadia. Aliimba kwaya moja na marehemu baba. Mashine anayo, imelala chini ya magunia tangu alipohamia kwenye biashara ya vitenge. Nikamwomba aniachie, nitamlipa kidogo kidogo kutokana na kusaga.

Kaniangalia weee. Halafu maswali. Nasali jumuiya? Naweza kupikia watu wengi? Nagombana na bibi? Nikasema moyoni, kila mkopeshaji ana mitihani yake. Nikajibu yote kwa adabu, nikamwonyesha na sugu za mchi mikononi. Mwisho kasema, "Nenda, mwanangu. Nitaileta mwenyewe."

Nimerudi naimba.

Jumapili, 10 Novemba

IMEKUJA! Baada ya misa, kwa pikapu. Mama Eustadia na mzee mmoja shemeji yake. Kamwamkia bibi "mwangaluka" kwa kupiga goti kabisa, mtu wa mjini yule. Juu ya mashine kulikuwa na jembe jipya limefungwa kanga. Nikauliza la nini. Kasema mvua zinakaribia, wasije wakanipa mashine nikasahau shamba. Nikadhani ni utani. Nikapokea kwa mikono miwili.

Bibi alikuwa mkekani, analitazama jembe. Baba mkubwa kachinja jogoo! Yule yule aliyenikana Jumatatu. Labda kaona aibu. Nikataka tuandikishane malipo, mama Eustadia kasema hayo watazungumza wakubwa. Sawa. Mimi mashine ninayo.

Jumatano, 13 Novemba

Mvua ya kwanza. Asubuhi nimechukua jembe jipya, maana la zamani limelika limebaki kama kijiko. Makali yake! Nimelima kipande chote cha barabarani, naimba kwa sauti. Baba mkubwa kaja ukingoni na mzee mwenzake, wakasimama wananitazama, wanatabasamu. Nikawapungia mkono. Bibi alikuwa barazani anachambua mlenda. Nikamwambia jembe hili zuri, bibi. Kasema, "Ndiyo, mjukuu wangu." Basi.

Mchana nikafungua biashara. Mteja wa kwanza ni mama Consolatha, jirani. Siagi imetoka laini, inang'aa. Nimeilamba kidoleni mbele yake bila aibu.

Jumamosi, 16 Novemba

Sina muda wa kuandika. Foleni ya ndoo! Nanuka karanga hadi kwenye nywele.

Alhamisi, 21 Novemba



Mama Consolatha kaja kusaga, kanipa hongera. Nikasema asante, biashara inakwenda. Kasema si biashara, mwanangu — jembe. Tumesikia umelilimia.

Nimemkimbilia bibi. Kanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini moto unaunguza. Zamani jembe ndilo lilikuwa mahari. Siku hizi ni ng'ombe na bahasha, ila zipo koo chache, ukoo wa mama Eustadia na wetu zimo, ambazo bado zinatanguliza jembe. Binti asipotaka analiacha limeegemea ukuta. Wenyewe wanakuja kulichukua kimya kimya, na hakuna anayeaibika. Akililimia, amekubali.

"Kwa nini hukuniambia, bibi?"

"Nilidhani unajua. Halafu nikakuona umefurahi."

Ningejulia wapi? Mama yuko Tura na mume wake, baba yuko kaburini. Nani alinikalisha akanifundisha mambo ya majembe? Na ule mtihani wa Ng'ambo, kumbe si wa mkopo! Nimejifaulisha mwenyewe.

Walinitazama nikilima. Hilo ndilo linalonichoma. Baba mkubwa alimleta mzee mwenzake awe shahidi, na mimi nikawapungia mkono! Kwenye kikoba hakutaka kunidhamini. Huku kanitoa mzima mzima.

Jumapili, 24 Novemba

Nimempigia simu huyo kijana mwenyewe ninayeozwa. Octavian, mtoto wa mama Eustadia, analima tumbaku Usinge. Nilimwona mara moja tu, kwenye msiba wa baba, anawabebea wageni maji. Nilijiandaa kumtukana.

"Mimi niliambiwa umelima nalo siku mvua iliponyesha," kasema. "Nilifurahi, Minza. Nilidhani umenichagua."

Nikamwambia nilichagua mashine.

 Kasema basi, atamwambia mama yake, ila mashine itarudi, haiwezi kukaa kwenye nyumba iliyomkataa. Hakusema kwa ubaya. Angekuwa mbaya ingekuwa rahisi.

Nimemwambia baba mkubwa sitaki. Kasema wageni wanakuja Jumamosi, nitasema mbele yao kama nina uso huo.

Jumamosi, 30 Novemba

Wamekuja. Pikapu ile ile, iko mlangoni, bodi yake tupu. Wako sebuleni na baba mkubwa, na Octavian kavaa shati jeupe.

Tangu asubuhi nalisugua jembe kwa mchanga. Nilitaka lirudi kama lilivyokuja. Halirudi. Rangi ya dukani imetoka, makali yanang'aa pale yalipoingia udongo. Nimeliegemeza ukutani hivyo hivyo, mlangoni pa sebule, kila anayeingia alione.

Nitaulizwa kama nawafahamu wageni hawa. Nikisema ndiyo, nimeolewa. Nikisema hapana, mashine inapanda pikapu leo leo, na mimi narudi kwenye kinu. Bibi kapita hapa uani, kanishika bega, kasema nitakalosema yeye atakuwa upande wangu. Leo, bibi? Leo? Nimelia kidogo, nikanawa.

Baba mkubwa kaniita.

Mama Consolatha kaingia kwa mlango wa nyuma na ndoo yake, kauliza kama leo nasaga. Nimemwangalia. Nimechukua ndoo, nimezimimina karanga zote, nimewasha. Kelele zake nyumba nzima inazisikia. Naandikia gotini.

Kaniita tena, sasa kwa ukali. Karanga za mteja zimeshaingia. Siwezi kuizima katikati.