Ile ya Tu na Ile ya Ku

Katumba, Mpanda

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeshatoka shambani na umekaa chini, maana si ya kusoma umesimama. Kama miwani bado imefungwa uzi, akusomee Tabu, lakini mwambie huyo mdogo wangu apunguze sauti, majirani wa huko nawafahamu. Goti lako je? Na Mama, kifua kimeachia? Mimi afya ninayo, mihogo na maharage yapo ya kutosha. Kinachonikosesha raha ni kitu kingine, na nisipokuambia wewe mzee wa kanisa, sijui nimwambie nani.

Watu nilioletwa kuwahudumia ni Warundi waliokimbia kwao mwaka wa sabini na mbili. Walifyeka pori hili wenyewe, wanalima tumbaku na mahindi, na kwa jembe, Baba, hawa wanatushinda hata sisi wa Mbozi. Kanisa letu ni la matofali ya udongo na nyasi juu. Mchungaji anakaa Mpanda mjini, huku anafika kwa baiskeli siku za Meza ya Bwana tu. Jumapili nyingine zote ni mimi: nasoma, nahubiri, naimbisha, na mwisho nafunga ibada. Huko kufunga ndiko kulikoniponza.

Taratibu unaijua, wewe ndiye uliyenifundisha kabla sijaenda chuo. Mchungaji aliyewekewa mikono huinua yake yote miwili juu ya watu akasema, "Bwana akubariki." Mwinjilisti kama mimi mikono inakaa chini, nainamisha kichwa, nasema, "Bwana atubariki." Yeye anatoa, mimi naomba pamoja na wenzangu. Ni herufi moja tu, lakini chuoni mtu alirudishwa nyumbani kwa ajili yake.

Sasa, hapa kuna mjane mmoja anayekaa benchi la mbele, Mama Melkiori. Huyo Melkiori ndiye mwanawe pekee, alimleta huku akiwa mgongoni. Miezi michache nyuma habari za kwao zilikuwa nzuri, watu wakaanza kurudi, na kijana naye akasema anakwenda kulitafuta shamba la marehemu baba yake. Jumapili ya mwisho mama yake akanishika mkono mlangoni kabla ya ibada.

"Mwinjiristi," ananiita hivyo, ulimi wake na l hawajuani, "mwanangu anapanda treni kesho. Leo usiseme ile ya tu. Ile ya tu ni ya sisi tunaobaki. Yeye mpe ya ku."

Nikamweleza taratibu yote, kwa upole. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mchungaji yuko wapi?"

"Yuko Mpanda, mama."

"Na treni itamngoja?"

Nikaingia ndani. Ibada ilipofika mwisho, Melkiori akapiga magoti mbele yangu na kifurushi chake, ndani kuna unga na jembe lisilo na mpini. Alisema mpini atakata hukohuko kwao. Baba, nikamtazama yule kijana, mikono ikainuka. Nikasema, "Bwana akubariki, akulinde njiani." Watu wakaitikia amina ya kutikisa nyasi za paa.

Basi, hazikupita siku nyingi redio ya dukani ikatangaza kwamba kwao kumechafuka, watu wanauana, wengine wanakimbilia Kigoma. Toka siku hiyo hakuna habari za Melkiori. Kila treni ikiingia mama yake yuko pale relini, anauliza kila anayeshuka. Nami usingizi umenihama. Nikila, namuona yule kijana na jembe lake.

Mchungaji alipokuja, wazee walikuwa wameshamweleza. Heri angenifokea! Aliniita nyuma ya kanisa akaniuliza polepole, "Ezekia, mikono hiyo nani alikupa?" Akasema jambo langu atalipeleka barazani, mpaka hapo niitunze chini. Nimekubali, Baba, wala simlaumu, ndiyo kazi yake. Tatizo ni kwamba Mama Melkiori alikuwa amekuja kumsalimu, akayasikia yote.

"Kumbe mwanangu alikwenda mikono mitupu," akasema.

Mchungaji alimtuliza, akamwambia baraka ni za Mungu mwenyewe, akaomba naye vizuri sana. Mama akashukuru, akaondoka. Lakini tangu siku ile anakuja ibadani, anaimba, anatoa sadaka, na wimbo wa mwisho ukianza tu anajifunga kitenge chake anatoka. Kila Jumapili. Nikiinamisha kichwa kusema "atubariki", naliona lile benchi liko wazi. Watu wameanza kunong'ona.

Jumapili iliyopita nilimkimbilia njiani. Nikamwambia, mama, kama nimekukosea nisamehe.

"Sina hasira na wewe," akasema. "Nataka kujua kitu kimoja tu. Siku ile uliposema ku, ulikuwa nayo ya kumpa, au ulinihurumia mimi?"

Mimi niliyehubiri muda mfupi tu kabla ya hapo nikabaki naangalia viatu vyangu. Nilirudi nyumbani nikijiuliza, mimi mwenyewe hiyo ya ku niliipata wapi? Ndipo nikakumbuka stendi ya Vwawa, siku naondoka. Ulinipakilia begi langu, ukavua kofia, ukasema, "Mungu atubariki sote, mwanangu." Ulishika taratibu, hukuwekewa mikono, najua. Ila nilikaa kwenye basi mpaka Tunduma napekua begi, nikidhani kuna kitu nimesahau.

Ndiyo maana nakuomba, ukinijibu usijibu kama mzee wa kanisa. Andika kama baba yangu. Andika "akubariki", ya ku, kwa mkono wako mwenyewe, usimwachie Tabu. Nikiisoma nikajua kwamba nimepokea, basi nitakwenda kwa Mama Melkiori nimwambie kwamba mwanawe hakuondoka mikono mitupu, popote alipo. Na ukiona haiwezekani niambie vilevile, nitakwenda kumwambia hivyo. Sitaki kumdanganya.

Nisalimie Mama, asiache dawa yake. Nisalimie shangazi Rehema mshona majoho ya kwaya, na mjomba Ayubu mpiga kengele, mwambie huku kengele yetu ni kipande cha reli. Tabu asome kwa bidii.

Hapa nilipo mlango uko wazi. Namuona Mama Melkiori anakatiza kwenye tumbaku kuelekea relini, leo treni inaingia. Naishia hapa nimfuate, asisimame peke yake.

Bwana akubariki, Baba. Mkono wa kulia unaandika. Wa kushoto nimeuinua.

Mwanao,
Ezekia