Neno Lililokuwa kwenye Karatasi ya Baba

Masuguru, Korogwe
4 Machi 1952

Kwa mwanangu Rosa,

Hujambo, na mama yako hajambo? Mimi nipo, ila kifua kinanibana. Leo shamba la mkonge limetupatia karatasi sisi wakataji wazee. Karani Mhina kasema tarehe 2 Aprili nitarudishwa nyumbani kwa lori. Mwambie mama yako nakuja Kwedizinga moja kwa moja, sitoki tena. Neno la Kizungu lililo kwenye karatasi nimelinakili herufi kwa herufi: *repatriate*. Muulize Padre maana yake hasa.

Baba yako,
Matayo

Misheni, Handeni
11 Machi 1952

Shikamoo Baba,

Sisi wazima, Mama kafurahi mno. Padre kasema neno hilo Waingereza wamelitoa kwenye Kilatini: *re* ni kurudi, *patria* ni nchi ya baba. Nikamwambia, "Basi ni Kwedizinga." Akaniuliza, "Babu yako kazikwa huko?" Akasema serikali hulitumia kwa wageni, kuwarudisha walikotolewa. Baba, nimeduwaa. Wewe ulitolewa wapi?

Mwanao,
Rosa

Masuguru
18 Machi 1952

Mwanangu, salamu.

Nimesoma barua yako nikakaa chini. Nilizaliwa Urundi. Nililetwa kijana kukata mkonge. Mama yako anajua. Wewe nilikuficha usije ukaitwa mtoto wa manamba, kibarua wa kuletwa. Nimemwendea meneja, nikamwambia nina mke na mtoto Handeni. Kanionyesha kadi ya mwaka 1926 iliyoandikwa Urundi, yenye alama ya dole gumba langu. "Kwenu ni hapa palipoandikwa," akasema. Rosa, hata sura ya baba yangu siikumbuki. Mwombe Jumbe Sadala aniandikie barua ya kunitambua, ndiye aliyenipa shamba Kwedizinga. Lori litapita Handeni kwenda Morogoro kwenye reli.

Baba yako

Handeni
3 Aprili 1952

Shikamoo Baba,

Sijui kifua kinaendeleaje. Jumbe aliandika kwamba wewe ni mtu wake. Jana tulisimama barabarani tangu asubuhi. Lori lilipotokea, Mama aliinua karatasi ya Jumbe juu kwa mikono miwili. Halikupunguza mwendo. Nilikuona nyuma, umeshika ubao, unamwita Mama kwa Kizigua mpaka vumbi likakufunika.

Padre kaniuliza barua hii iende kijiji gani. Nimemuuliza Mama, akatikisa kichwa. Basi juu ya bahasha nimeandika Matayo, Urundi.

Mwanao,
Rosa