Ongeri ametoa paa

Drusilla, weka chai chini kwanza. Ongeri wetu ameaibika huku Kenyenya.

Zile nyumba zake za kuunganisha bila misumari, za watu waliobomolewa makazi na maporomoko? Ya kwanza amempa ndugu yake Ogoti na mkewe. Ikasimama kabla wafadhili hawajamaliza soda. Makofi kila mahali.

Kichwa kikavimba. Akamwambia baba yao aingie aketi kitandani, apigwe picha.

Mzee hakusogea. "Tangu lini Mkisii akaingia nyumba ya mwanawe aliyeoa?"

Na huyu Ongeri amezaliwa Masimba. Masimba, Drusilla, Kisii kwenyewe, mila hiyo anaijua.

Akanong'ona, "Baba, hii si nyumba kamili, ni ya muda tu."

"Kama si nyumba, hawa watu umewaitia nini?"

Wueh. Mbele ya wafadhili.

Unajua alifanya nini? Alitoa paa. Paa lote, naapa. Mzee akatazama juu, akaona mawingu, akaingia, akaketi, akatabasamu kama bwana harusi.

Mfadhili mmoja akauliza paa limeenda wapi.

Mzee ndiye alijibu: "Limetolewa ndio niingie. Nikitoka, lirudishwe. Si mmesema ni rahisi?"