Shilingi ya Mfalme na Mtamba wa Kukhu

Kukhu,

Sasa hivi tu Nasimiyu, huyu niliyempa jina lako, ametoa ile kamba yako ya ndururu kwenye mkoba wangu akamvisha kuku shingoni. Kuku wa wenyewe! Amekimbia nayo mpaka chini ya ghala, tsing tsing tsing, na mtoto nyuma yake anapiga makofi. Nimeingia chini ya ghala kwa tumbo kuitoa. Na nguo ya kanisa. Ungeniona, nyanya yangu, ungenifukuza na mwiko.

Nimetoka pale na majani kichwani, kamba mkononi, na ile sauti bado inalia masikioni. Unaijua. Zile senti tano za zamani zenye shimo katikati, ulizoachiwa na mama yako, ulizifunga kwenye tenga lako la kuku ili mtu akigusa mfuniko ukiwa unabishana bei, usikie. Nimesikia hiyo sauti tangu nikiwa mdogo. Basi nimekaa kwa kigoda, nimechukua kalamu. Shule niliachia darasa la saba na mwandiko wangu unapanda mlima, lakini barua zako zote ni mimi nilikuwa nakuandikia, kwa hivyo umeuzoea.

Niko Saboti, kwa shemeji Wanyonyi anayetutunzia ng'ombe. Tumekuja jana kwa sababu ya mtamba wako, yule mwekundu uliyeniachia ukasema, "Huyu ni wa maziwa ya mtoto, si wa mtu mwingine." Yuko karibu kuzaa, Kukhu. Tangu asubuhi hataki kula, anajitenga, analala anainuka. Mume wangu Wekesa yuko naye zizini. Mimi nimeambiwa nikae na mtoto nisiwajazie watu maneno.

Na ilibaki kidogo tu huyu ng'ombe asiwe wetu. Hiyo ndiyo habari ninayotaka kukupa, na ndiyo maana nakushukuru. Nisikilize.

Unamkumbuka Wekesa na kazi yake ya juakali pale Kitale, anayeyusha vyuma vya alumini anamimina mashikio ya sufuria na magurudumu ya wilibaro. Baada ya kukuzika, mwenye kile kibanda wanachofanyia kazi alitaka kujenga nyumba ya kupangisha, akawaambia watoke. Wekesa akaanza kutafuta mahali. Kila mahali wanataka pesa ya mbele. Alikuwa anarudi nyumbani Tuwan anakaa mlangoni na viatu, hata havui.

Ndipo akaona ile kitu kwa simu. Mnada wa sarafu za zamani. Watu wanataja bei, anayetaja kubwa anachukua. Kulikuwa na shilingi moja ya wakati wa ukoloni, upande huu kichwa cha mfalme, upande ule simba. Ati imebaki moja tu Afrika Mashariki nzima. Ati kuna mzungu anaitafuta, atalipa bei ya shamba. Wekesa akanionyesha picha, macho yake yamewaka kama siku ya harusi yetu.

Hakuwa mbaya, Kukhu, usimkasirikie huko uliko. Alikuwa na hofu. Mtu mwenye hofu huona mlango hata kwenye ukuta.

Mimi sikujua amefika wapi mpaka Wanyonyi aliponipigia simu. "Shemeji, kuna mtu hapa anafungua ng'ombe yako mdomo anaangalia meno. Kwani mmesema nini?" Sikuwa nimesema kitu. Nilikuwa naosha nepi. Nikakaa chini pale pale kwa maji.

Jioni nikamwambia Wekesa, "Huyo ng'ombe ni wa Kukhu." Akasema, polepole, si kwa ubaya, "Kukhu amelala, mpenzi. Tukifukuzwa kazi tutakunywa hayo maziwa tukiwa barabarani?" Mimi si mtu wa kubishana, unajua nikianza kubishana nalia. Nililala nikikuita. Kukhu, ungekuwepo. Ungekuwepo tu, hata kama ungenyamaza.

Halafu nikakumbuka jogoo.

Nilikuwa mdogo, nimekubebea maji sokoni. Mtu akaleta jogoo mwekundu, mkia mrefu unang'aa, nikakuvuta leso, "Kukhu nunua huyo!" Ukamgeuza kichwa chini. Ukaangalia miguu, magamba magumu kama maganda ya mti, kucha zimejikunja. Ukasema, "Huyu ni mzee wa kanisa, wamemvisha suti." Watu wakacheka. Mwenye kuku akakasirika, na hapo hapo akatokea jamaa mwingine anapiga kelele, "Nipe mimi, naongeza!" Nikakuvuta leso tena. Wewe ulikaa juu ya tenga, ukatabasamu, ukasema, "Mpe huyo."

Mpe huyo! Na yule jamaa akaanza kujipapasa mifuko kama ameingiliwa na siafu. Tulipokuwa tunakula ndizi mwenye kuku akatufuata, ati bei imeshuka. Ukaniambia, "Mnunuzi wa kweli analipa. Wa uongo kazi yake ni kupandisha." Nilicheka tu, mimi nilikuwa nawaza ndizi.

Basi nikaketi karibu na Wekesa nikaangalia ule mnada kama ninavyoangalia soko. Kulikuwa na mmoja anajiita Dokta. Wekesa akitaja bei, Dokta anaongeza kabla hujameza mate. Wekesa akinyamaza, Dokta ananyamaza. Wekesa akienda kuoga, mnada wote unaenda kuoga. Nikamwambia, "Mpe huyo."

"Nani?"

"Dokta. Mwachie. Tuone kama atalipa."

Alinuna, Kukhu. Alisema nitamkosesha bahati ya maisha. Lakini akaweka simu chini. Dokta akashinda, wakampongeza huko kwa maandishi na picha za makofi. Wekesa hakula. Na mimi nikaogopa sana usiku huo, kwa maana kama ilikuwa kweli, basi nimemfungia mume wangu mlango.

Asubuhi simu ikalia, ujumbe. Muuzaji mwenyewe: "Ndugu yangu, Dokta amepata shida ya kifamilia. Wewe una bahati. Chukua kwa bei yako ya mwisho, lakini tuma sasa hivi, kuna mwingine anasubiri." Nilisoma hayo maneno nikaona kabisa yule mwenye kuku anatufuata kwa mama wa ndizi. Nikamsimulia Wekesa. Akacheka, lakini kicheko cha mdomo tu. "Labda huyo Dokta kweli ana shida. Watu hupata shida." Na mwenye kununua ng'ombe alikuwa anakuja kumchukua siku hiyo.

Ndipo nikatoa kamba yako. Sijui mambo ya sarafu, Kukhu, nilitaka tu kushika kitu chako. Nikaziweka kando ya ile picha. Zako, zile pembe za ndovu zilizochorwa kando ya shimo zimelika, zinang'aa mahali mikono ilipita, na uchafu umejificha chini kwenye mitaro ya herufi. Kama mpini wa jembe, unapong'aa ni pale unaposhikwa. Ile ya simu ilikuwa nyeusi kila mahali sawasawa. Pua ya mfalme nyeusi, shingo nyeusi, mtaro mweusi. Nikamwuliza Wekesa, "Hii pua haijawahi kuguswa na mtu hata mmoja, miaka yote hiyo?"

Akachukua simu. Akaangalia muda mrefu. Nikamwambia na neno lako lingine la sokoni, manyoya wanakuonyesha wenyewe, miguu uombe. Akaandika yeye mwenyewe kwa muuzaji: nataka picha ya ubavu. Yule mtu akasumbua kwanza, ati hamwamini, ati wengine wanalipa bila maswali. Mwishowe akatuma.

Kukhu, ungemwona mjukuu-mkwe wako! Alivuta ile picha ikawa kubwa, akainuka akaenda akaleta shikio la sufuria alilomimina jana yake, hajalipiga tupa. Akaniwekea mbele ya macho. "Unaona huu mstari? Ni pale nusu mbili za kalibu zinapokutana." Na kwenye ubavu wa shilingi mstari ule ule umepita katikati ya vile vimeno vya ukingoni, na vijishimo vidogo vya hewa kama vya mkate. "Pesa ya serikali hugongwa na mashine," akasema, "haimiminwi. Hii mtu ameipika mahali kama pangu." Halafu akakasirika kweli kweli: "Na ameipika vibaya, bana! Mimi ningeitengeneza vizuri kumliko!"

Tulicheka mpaka Nasimiyu akaamka. Wekesa alicheka mpaka machozi yakabadilika yakawa ya kweli, akaweka kichwa kwa bega langu. Kisha akampigia simu mwenye kununua ng'ombe. "Asante mzee, lakini huyo hauzwi. Mwenyewe amekataa." Sikuuliza mwenyewe ni nani. Nilijua anasema wewe.

Wiki iliyofuata ile shilingi ilirudi kwenye mnada, mkwaruzo ule ule kwenye mgongo wa simba, ati imebaki moja tu. Na Dokta yupo, amepona shida zake. Wekesa akaandika pale mbele ya watu wote, "Mpe huyo," wakamtoa. Sasa kule juakali wanamwita hivyo. Mtu akipandishiwa bei ya vyuma, wote wanapiga kelele, mpe huyo!

Mahali bado hatujapata pa maana. Jirani ametupa kona nyuma ya nyumba yake, Wekesa amejenga tanuru dogo, mvua ikinyesha anafunika na mabati na kusali. Lakini anafanya kazi. Anavua viatu akifika nyumbani. Wekesa humwita mtoto "Kukhu," kwa jina lako, anamwomba ruhusa ya kula kama vile ni mwenye boma, na mtoto anampa, anajua cheo chake.

Sikukuaga, Kukhu. Nilipofika Bungoma walikuwa wamekufunika. Niliona vidole vya miguu tu vikitokeza chini ya shuka, nikavifunika vizuri, kwa sababu ulikuwa hupendi baridi. Nimekuwa nikijiuliza ulinipa nini, maana watu waliulizana umeacha nini, ukaonekana kama umeacha kidogo. Umenipa macho. Nilikuwa nimekaa nayo bila kujua.

Sasa lala. Usihangaike na sisi. Ninakuahidi, huyu mtoto akipata nguvu za mikono nitampeleka soko lako, nitamwekea kuku mapajani, sitamwambia kitu, nitamwacha amgeuze mwenyewe. Na akikosea sitamcheka kwa sauti. Na huyu ng'ombe, Mungu akipenda, maziwa yake ya kwanza nita...

Ngoja, Wekesa anaita kutoka zizini. "Mama Nasimiyu! Kimbia! Imetoka, imepumua, ni jike!" Kukhu, umesikia? Ni jike! Ngoja niende nione, nikirudi nitakuambia tumemwita nani.