Aliyenifuata Hadi Darajani

Mogogosiek,
24 Februari 1992

Mpendwa dada Bosibori,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Habari ya kazi, na mgongo wako unaendeleaje? Mimi sijambo, ila magoti yananilalamikia kila jioni, na kosa ni la vilima, si langu. Mama ameniandikia kwamba wako salama huko Nyansiongo na ng'ombe amezaa.

Umeniuliza kama bado nazungusha mkate kwa baiskeli. Nazungusha. Natoka asubuhi na kreti nimeifunga kwenye keria, napita katikati ya mashamba ya chai hadi kwa maduka ya kambi za wafanyakazi, narudi mchana. Unajua ninavyoipenda barabara ile. Hakuna gari, ni chai pande zote mbili na mlio wa cheni peke yake. Ukiteremka bila kukanyaga pedeli unasahau shida zote, hata lile jambo la kuoa ambalo wewe na Mama hamwezi kuliacha.

Sasa, dada, ule ukimya nimeanza kuuogopa. Tangu nyumba zichomwe kwenye vita vya makabila kule Fort Ternan, Wakisii waliokuwa wamepanga karibu na mimi wamehama. Wachuma chai walikuwa wakinitania nikipita, eti niwaonjeshe mkate. Siku hizi wananitazama tu mpaka nipotee kwenye kona. Nikisikia tawi likivunjika nakanyaga mpaka kifua kinauma.

Hata Kipkemoi, yule Mkipsigis mwenye nyumba wangu, amebadilika. Tumekunywa maziwa yao ya mursik kwa kibuyu kimoja tangu nilipohamia hapa, na watoto wake wananiita ami. Sasa nikimwamkia anajibu akiangalia pembeni, halafu anaingia ndani na kufunga mlango. Mtu niliyekula naye akininyima macho, nitafikiri nini? Niombee, dada.

Mdogo wako,
Nyamwange


Kaplong,
2 Machi 1992

Mdogo wangu Nyamwange,

Pokea salamu zangu na za wote wa hapa hospitalini. Mgongo unauma lakini unafanya kazi, kwa hivyo tunaelewana. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama kwenye chumba cha kufulia, ikabidi nikae juu ya rundo la shuka chafu.

Acha hiyo barabara. Mkate utanunuliwa na nani ukiwa umekufa? Mimi tangu mwezi uliopita sijatoka nje ya lango. Chelangat, yule Mkipsigis tunayefanya naye kazi wodini, ndiye ananinunulia sabuni na sukari sokoni. Usijaribu kuja kwa gari. Vijana wanasimamisha magari huko kwa lami na kuomba kila mtu kipande cha kitambulisho, na aliyeandikishwa upande wetu anateremshwa. Wengine wameletwa hapa, na ni mimi nawaosha, kwa hivyo usiniambie natia chumvi.

Masista wamesema kuna nafasi ya mtu mmoja kwenye nyumba ya mlinzi. Njoo ulale hapo mpaka mambo yatulie. Una kichwa kigumu tangu utotoni, lakini safari hii nakuomba, sikuamuru.

Dada yako,
Bosibori


Mogogosiek,
9 Machi 1992

Dada yangu,

Hujambo? Mimi nikisema sijambo nitakuwa nakudanganya.

Jana asubuhi nilienda kuchukua baiskeli barazani, nikakuta mtu amefunga nyasi mbichi kwenye usukani. Zilisokotwa vizuri na kupigwa fundo. Nilidhani ni mchezo wa watoto. Nikazikata, nikaenda kazini. Leo nimekuta nyingine, fundo lile lile, mahali pale pale. Dada, wameniwekea alama. Waliokimbia kutoka Fort Ternan wanasema huko pia nyumba ziliwekwa alama kwanza.

Na baiskeli inalala kwa baraza ya Kipkemoi. Mbwa wake hakubweka. Ni nani mwingine, basi? Leo alikuwa amesimama kwa zizi akitazama mikono yangu nikizikata. Nikajikata kidole.

Nitaondoka Jumamosi kukipambazuka. Sitapita kwa lami. Nitafuata njia za mashambani, nizunguke Kaplong kwa nyuma, nitokee kwa daraja la mpakani, nivuke kwenda kwetu. Usinikasirikie kwamba siji kwako. Naogopa kuingia mjini, na kusema kweli namtaka Mama. Sijamwambia mtu yeyote hapa, Kipkemoi ndiye wa mwisho ningemwambia.

Mdogo wako,
Nyamwange


Kaplong,
12 Machi 1992

Nyamwange ndugu yangu,

Salamu ni nyingi, nitazisema siku nyingine. Nimemsomea Chelangat barua yako, akashika kichwa. Anasema kwao nyasi mbichi ni amani. Mtu akikuinulia nyasi, au akikufungia, amekuweka chini ya ulinzi wake, na anayekugusa amemgusa yeye. Usizikate tena. Kama umezikata, ng'oa nyingine hapo nje uzifunge mwenyewe.

Na uende ukakae na Kipkemoi. Ongea naye kabla hujaenda popote. Naomba Mungu barua hii ikukute.

Dada yako,
Bosibori


Nyansiongo,
17 Machi 1992

Dada yangu mpendwa,

Nimefika! Niko kwa Mama, mzima, na ananilisha kama ndama. Anakusalimu sana na anauliza kama unakula.

Nikuambie nilivyoponea. Niliondoka ukungu ukiwa mzito, chai huioni mpaka ikuguse mguu. Sijafika mbali nikasikia nyuma yangu cheni ya baiskeli nyingine. Nikageuka. Mtu amejifunika gunia kichwani kwa ajili ya mvua, uso hauonekani. Nikaongeza mwendo, akaongeza. Kwenye kilima nikashuka kusukuma, naye akashuka, akabaki mbali vile vile. Nikasimama ili anipite, akasimama. Hakuita wala hakupiga kengele. Sina aibu kukuambia kwamba suruali ililowa, na haikuwa mvua.

Tulienda hivyo asubuhi nzima. Huko nyuma ya Kaplong vijana wenye pinde wakatoka kwenye chai wakasimama barabarani. Nikasema basi, nimekwisha. Walinitazama, halafu wakatazama nyuma yangu, wakarudi ndani ya chai. Nilifikiri Mungu amewafumba macho. Lakini yule wa gunia akaendelea kuja, nikaelewa kwamba wameniacha kwa sababu mimi ni wake.

Nilipoliona daraja na vijana wetu wanaolilinda, nililia kwa sauti. Nikawaambia kwa Kikisii, "Huyo amenifuata tangu Mogogosiek, anataka kuniua, msimwache arudi." Nikavuka. Yeye alikuwa amesimama ng'ambo, mkono juu. Vijana wetu walinipita mbio wakamwendea. Nilisikia vipigo na sikugeuka. Nilikanyaga mpaka kwa Mama.

Nyakundi, mtoto wa baba mdogo, alikuwa miongoni mwao. Anasema yule hatamfuata mtu tena. Haki ya Mungu, dada, sikumhurumia. Nililala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu Januari.

Mdogo wako,
Nyamwange


Kaplong,
24 Machi 1992

Mdogo wangu,

Nakusalimu, na namshukuru Mungu umefika. Barua hii isome ukiwa umekaa, na Mama asiwe karibu.

Ile niliyokuandikia tarehe kumi na mbili hukuipata, imerudi hapa. Nilikuwa nakuambia kwamba zile nyasi zilikuwa za kukulinda.

Jumamosi ile ile padri aliyekuwa akitoka upande wenu alimkuta mtu kando ya daraja, akamleta hapa kwa gari la misheni. Amevunjika mguu na mkono, na jicho moja madaktari hawajui kama litaona. Nilimwosha mimi mwenyewe. Siku mbili hakuweza kuongea. Alipoweza, alimwuliza Chelangat kwa Kikipsigis, naye akanitafsiria. Aliuliza kama kuna aliyesikia habari za mpangaji wake, Mkisii anayeuza mkate kwa baiskeli, kama alifika kwao.

Ni Kipkemoi.

Amenieleza yote kidogo kidogo. Vijana wa huko walikuwa wamekuja bomani kwake, wakamwambia wakimwona tena anaongea nawe watamchoma pamoja na nyumba yake. Ndiyo sababu alikuwa akiangalia pembeni. Alikuwa anaogopa kama wewe. Akaona heri akufungie nyasi usiku, wenye kujua watajua. Ulipozikata alidhani umemkataa. Ijumaa alikuona ukitia cheni mafuta, akajua unatoroka, akaazima baiskeli ya mpwa wake. Alikaa mbali ili asionekane anamsindikiza Mkisii. Wale wa pinde ni yeye aliwainulia nyasi nyuma yako, kama kusema huyu ni mtu wangu. Alitaka kukuona umevuka tu, halafu arudi.

Nilimwambia nimesikia umefika. Alinishika mkono, akasema asante Yesu, akalala.

Jana aliamka na nguvu kidogo, akaniambia kwa Kiswahili chake, "Nilisikia Nyamwange anaita watu yake. Nikasema, sasa ananishukuru, anaambia wao wakuje wanisalimie. Ndio nikainua mkono."

Hajui Kikisii hata neno moja. Mimi najua ulichosema kwa sababu uliniandikia. Nilitoka nje nikasimama karibu na tangi la maji mpaka niliporudi kuwa mtu. Hajui kwamba mimi ni dada yako, na ulichosema sijamwambia na sitamwambia. Hilo ni lako.

Dada yako,
Bosibori


Nyansiongo,
31 Machi 1992

Dada,

Sijui nikusalimu vipi. Natumaini u mzima, na yeye pia.

Nimemwambia Mama. Hakunigombeza. Ila chakula siku hizi najipakulia mwenyewe. Nyakundi anajisifu sokoni kwa aliyoyafanya, na kila akiniona ananinunulia soda. Ya kwanza niliinywa. Nilipomwambia yule mtu alikuwa nani, alicheka, akasema wote ni wale wale.

Nakuja Alhamisi, kwa baiskeli, kwa njia ile ile. Naogopa, dada. Naogopa daraja na vijana wao, na sasa nawaogopa hata wetu, maana nimesikia sauti yangu ilivyowatuma. Naogopa chai yote ile nikiwa peke yangu, bila mtu nyuma. Lakini hofu ya kitanda kile alicholazwa Kipkemoi imezishinda zote. Sijui nitaanzaje. Labda nitasema yale maneno kwa Kikisii vile nilivyoyasema, halafu nimpe maana yake, nikae hapo hata akinifukuza.

Barua hii nampa padri, anapita kesho. Ikikufikia na Alhamisi ikapita sijafika, basi mwambie wewe nilichosema.

Mdogo wako,
Nyamwange