Gari la Kubat na Arobaini ya Shangazi

Yadi ya Magari,
Bishkek.
14 Desemba

Mdogo wangu mpendwa Urmat,

Asalaam aleikum. U mzima? Mama magoti yanamwacha alale? Mkeo Nurkyz na tumbo lake wanaendeleaje? Na mifugo imeipokeaje baridi? Mimi nipo. Mgongo unaniuma, lakini nakula na kazi naifanya.

Simu zangu hupokei, kwa hiyo nimeandika na kumpa dereva wa Naryn akufikishie. Najua una hasira. Shangazi Batma ndiye aliyetulea, na arobaini yake imesomwa bila mimi. Watu waliniulizia, nawe ukabeba aibu yangu.

Sikubaki huku kwa kupenda. Nilitoka. Nakueleza ilivyokuwa kwa sababu nasikia nawe unataka kubadilisha farasi majike wa baba upate gari kama lile lililonikwamisha, ubebe abiria wa Bishkek.

Kubat, yule jirani yetu, amenunua gari la umeme. Karatasi yake inasema linakwenda kilomita mia tano kwa chaji moja, na kutoka hapa hadi kwetu hazifiki mia nne. Akaniambia, "Kaka Sagyn, panda. Leo hii tunakunywa chai kwa mama yako, na chaji itabaki ya kuwatembeza mbuzi."

Mpaka Tokmok tulikuwa tunaimba. Kwenye korongo la Boom upepo ukatupiga usoni, tukaongeza joto la ndani, na namba ya kilomita zilizobaki kwenye kioo ikaanza kukimbia kuliko gari lenyewe. Kubat akazima joto. Tukawa tunatoa mvuke mdomoni kama ndama.

"Mbona huimbi tena?" nikamuuliza.

"Napiga hesabu."

"Ipige kwa sauti basi, tuogope wote."

Tulifika Kochkor jua likishuka. Ni kama nusu ya njia, na chaji iliyobaki haikutosha kuuvuka mlima wa Dolon. Tukaingia kwa baba mkwe wake, mzee Jumash, mfuga farasi tangu utoto. Kubat akatoa waya achaji. Mzee akaweka kiganja kwenye gari, akakuta lina uvuguvugu.

"We kijana, una wazimu? Ametoka safari ana jasho, unataka kumlisha? Mwache apoe mpaka asubuhi!"

"Baba, hili ni gari."

"Kwani nimesema ni ng'ombe? Kinachochoka ni kinachochoka."

Unajua mkwe habishani ukweni. Kubat akanitazama nimsaidie. Nami, Urmat, niliona mzee ana akili, maana baba alitufundisha vivyo hivyo. Tukalifunika gari blanketi la sufu la farasi, tukaingia kula.

Asubuhi lilikuwa jiwe. Tukachomeka waya, na hadi adhuhuri namba ilikuwa haijasogea kiasi cha kutuvusha. Hapa yadini wamenicheka mpaka wamekaa chini. Kumbe betri huchajiwa ikiwa bado na joto la safari. Ikishaganda, umeme unaoingia unaishia kuipasha tu.

Adhuhuri hiyo ninyi mlikuwa mnasoma dua. Nilisimama uani kwa mzee Jumash na mfuko wa sukari niliouleta, nikanyoosha mikono, nikamwombea shangazi peke yangu. Harufu ya maandazi nilikuwa naisikia kichwani. Kisha tukarudi, maana kwa kuteremka chaji ilitosha, na msimamizi alinipa ruhusa fupi.

Nimeuliza sana tangu siku ile. Ile namba ya kwenye karatasi si uongo hasa. Wanaipima mahali penye joto, kwa mwendo wa taratibu, bila mlima, bila mizigo. Kwetu Januari chukua nusu yake, na kwenye Dolon punguza tena. Kubat halijutii gari lake, mjini anabeba watu kutwa na anafurahi. Lakini wewe utawaweka wapi akina mama na watoto namba ikiisha theluji ikiwa magotini?

Usiwatoe majike kwanza. Njoo Januari, usingoje Julai. Panda na Kubat, mjaze gari, muwashe joto, mpande Dolon. Ukifika nyumbani, uamue, na sitakubishia.

Ila yule jike mwekundu wa baba naomba asiguswe hata ukinunua. Nilipoondoka nilimwambia mama nitakaa miaka miwili tu. Sikumdanganya. Niliipima safari nikiwa nyumbani, nimeshiba, mgongo mzima. Sasa ni mwaka wa sita. Nikirudi, nataka nikute zizini kitu kinachoijua sauti yangu.

Ijumaa nitapiga tena. Pokea, hata kama ni kunitukana.

Nisalimie mama, umbusu mikono yake. Nurkyz mwambie asibebe ndoo. Msalimie na mjomba Toktosun, pamoja na wote waliochinja na kupika siku ya shangazi. Mungu awape kipupwe chepesi, na mtoto azaliwe salama.

Mimi kaka yako, nikupendaye ukipokea simu na usipopokea,

Sagyn